Azumah Nelson: bondia aliyefuata mikanda kwa wenyewe (uzi mrefu, kaa mkao wa kula)

KonaYaBluu

Wakuu, salaam.

Kila wiki humu tunabishana kuhusu rekodi. Huyu kapanda ulingoni mara 20 hajapoteza, yule ana KO 15, mwingine ana mkanda wenye jina refu kuliko raundi alizocheza. Ukifuatilia waliopigwa ni akina nani, unakuta ni watu waliosafirishwa usiku kucha, wakapimwa uzito wakiwa na usingizi, jioni yake wako chali. Rekodi za namna hiyo mimi sisomi safu ya ushindi. Nasoma safu ya mahali: pambano limefanyika wapi, na kwao mpinzani ni wapi.

Kwa kipimo hicho namleta mezani Azumah Nelson wa Ghana. Alichukua ubingwa wa dunia wa WBC (Baraza la Ngumi Duniani) uzito wa unyoya (kilo 57.15) Desemba 1984, akapanda unyoya wa juu (kilo 58.97) mwaka 1988 na kuchukua mkanda huko pia, na alipoupoteza kwa mara ya mwisho ilikuwa Machi 1997, akiwa na miaka 38. Katika uzito huu mdogo mtu anaishi kwa miguu na kasi, na vitu hivyo viwili huwa vya kwanza kuondoka. Wengi wakifika 30 wanakuwa wameanza kuhesabiwa kila pambano. Yeye alidumu juu zaidi ya miaka 12, na karibu kazi yote aliifanya ugenini.

Tuanze na aliyemtangulia, maana bila yeye hadithi haikai sawa. Septemba 1975 David Kotei, aliyejulikana kama D.K. Poison, alikwenda Inglewood, California, akampiga Ruben Olivares wa Mexico kwa pointi. Ghana ikapata bingwa wake wa kwanza wa dunia. Novemba 1976 Danny "Little Red" Lopez akasafiri mpaka Accra, akampiga Kotei mbele ya watu wake na kuondoka na mkanda. Mwaka 1980 Lopez akavuliwa na kijana wa Kimexico, Salvador Sanchez. Shikeni hilo jina.

Azumah ni mtoto wa Accra, kazaliwa Julai 1958. Kwa asiyejua, kule kuna mtaa unaitwa Bukom, upande wa baharini, jamii ya Waga, wavuvi wengi, na watoto wanajifunza kurusha ngumi kabla hawajajua kusoma. Roy Ankrah, Kotei, Ike Quartey, Joshua Clottey, wote ni mazao ya mazingira hayo hayo. Chukua Manzese, iweke ufukweni, halafu mpe kila mzee wa mtaa hadithi ya bondia aliyemwona kwa macho yake.

Mwaka 1978 akaenda Edmonton, Kanada, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akarudi na dhahabu. Fainali alimpiga Mzambia, John Sichula. Mwishoni mwa 1979 akaingia ngumi za kulipwa, na 1981 akawa bingwa wa Jumuiya ya Madola kwa kumpiga Brian Roberts.

Sasa Julai 1982. Sanchez ana pambano la kutetea ubingwa Madison Square Garden, New York. Mpinzani wake, Mario Miranda wa Colombia, anajitoa. Anatafutwa wa kuziba pengo, na siku zilizobaki ni za kuhesabu kwenye vidole. Anaitwa Azumah: mapambano 13, hajapoteza, na Wamarekani wengi hata kulitamka jina hawawezi.

Sanchez wakati huo ana miaka 23 na ameshautetea mkanda mara nane. Alikuwa amemsimamisha Wilfredo Gomez katika raundi ya nane mwaka mmoja kabla, na Gomez hakuwa mtu wa mchezo. Kazi ya Azumah ilikuwa kuja, kupigwa kwa heshima, achukue hela arudi kwao.

Ilikwenda raundi 15. Enzi hizo ubingwa ulikuwa raundi 15. WBC walishusha mpaka 12 baada ya Kim Duk-koo wa Korea Kusini kufariki kutokana na pambano lake na Ray Mancini, Novemba mwaka huo huo. Azumah alimfuata Sanchez raundi baada ya raundi, akaangushwa ya saba, akainuka, akaendelea kumfuata. Mpaka ya 14 ilikuwa bado mechi. Ya 15 Sanchez akampata, akamwangusha tena, na mwamuzi akamaliza kazi muda mfupi baadaye.

Tarehe 12 Agosti 1982, wiki tatu tu baadaye, Sanchez akafa kwa ajali ya gari Mexico. Pambano lake la mwisho duniani ni lile la Azumah. Marudiano ambayo Azumah aliyataka hayakuwezekana tena.

Naendelea, niacheni nipumue.

Binti_Ilala

Tiririka mkuu, nimeweka kiti mbele kabisa.

MzeeWaGong'o

Hapo kwa Kotei umepita haraka sana kijana. Huyo bwana mwenyewe amesimulia mara nyingi kwenye vyombo vya habari vya kwao kwamba serikali ya Acheampong, mtawala wa Ghana enzi hizo, ilimkopa dola 45,000 kwenye malipo yake ya ngumi ili kuagiza samaki wa makopo, nchi ilikuwa na njaa. Bondia anaikopesha serikali! Hela alizisubiri miaka na miaka. Ukisikia mtu anasema ngumi hazilipi, mwulize zinamlipa nani.

KonaYaBluu

Shikamoo mzee. Hiyo nilikuwa nakuachia wewe.

Tuendelee. Mkanda wa Sanchez ulibaki wazi. Waliitwa Juan LaPorte na yule yule Mario Miranda aliyejitoa, LaPorte akashinda. Machi 1984 LaPorte akaupoteza kwa Wilfredo Gomez. Kwa hiyo Azumah, kama alitaka ule mkanda uliotoka Accra mwaka 1976, ilibidi aufuate Puerto Rico.

Gomez alikuwa mungu mdogo kisiwani. Kwenye uzito wa chini yake, bantamu ya juu, alitetea ubingwa mara 17, na mara zote 17 alimaliza kwa KO. Hakuna jaji aliyewahi kupata kazi kwenye utetezi wake. Tarehe 8 Desemba 1984, San Juan, uwanja umejaa bendera zao, Azumah anaingia.

Mkilitazama lile pambano angalieni raundi ya nane kuendelea. Gomez anaongoza kwenye karatasi za majaji wote watatu. Kila akipiga konde la kugusa tu uwanja unalipuka, na jaji naye ni binadamu, ana masikio. Azumah hana presha. Anapeleka konde la kushoto usoni, analirudisha, anapeleka lingine mbavuni. Mbavuni, mbavuni. Watu hawashangilii konde la mbavu kwa sababu halionekani vizuri ukiwa umekaa mbali, lakini bili yake inakuja. Raundi ya 11 miguu ya Gomez ikawa mizito, mikono ikashuka, Azumah akammalizia. KO.

Hapo ndipo jina la "Profesa" lilipoanza kumkaa sawasawa. Watu hudhani ni kwa sababu alikuwa na mbinu nyingi. Kwangu mimi ni kwa sababu alikuwa anasahihisha mtihani mwishoni. Tazama: Gomez raundi ya 11. Mario Martinez kwenye marudiano ya 1989, raundi ya 12. Jim McDonnell, London, Novemba 1989, Royal Albert Hall, raundi ya 12. McDonnell alikuwa ametoka kumstaafisha Barry McGuigan miezi michache nyuma, Waingereza walikuwa na imani naye. Akaanguka zikiwa zimebaki dakika chache tu aende kwa majaji wa nyumbani.

Mtu anayepigana ugenini akiwaza pointi ameshapoteza. Azumah alijenga mtindo mzima juu ya jambo hilo.

Jicho_la_Mwamuzi

Uzi umetulia mkuu ila nina swali. Unasema alikuwa anamaliza mwishoni, mbona Pat Cowdell yeye alilazwa na Azumah raundi ya kwanza?

KonaYaBluu

Ahsante, hilo ndilo linaninogea zaidi.

Oktoba 1985, Birmingham, Uingereza. Cowdell ni fundi, na ni mtu wa eneo lile lile. Miaka minne nyuma alikwenda raundi 15 kamili na Sanchez, akapoteza kwa majaji kugawanyika. Maana yake ni kwamba alidumu na mtu aliyemsimamisha Azumah. Waingereza wakapiga hesabu: kama Sanchez hakummaliza Cowdell, na Sanchez alimmaliza Azumah, basi huyu Mghana atapelekwa shule.

Azumah akapandisha konde moja la kushoto kutoka chini. Cowdell akaenda chini kama aliyekatiwa umeme, na hata raundi ya kwanza haikuisha. Hesabu za "fulani alimpiga fulani" ziliishia pale.

Na mkitaka kuona Birmingham ilivyo na bahati mbaya na Waafrika, Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wetu kutoka Tanga alikwenda mji huo huo akamsimamisha Sam Eggington raundi ya pili. Sio uzito mdogo, najua, lakini ni somo lile lile. Ule ushindi mmoja ulimpandisha Mwakinyo kuliko mapambano yote ya nyumbani aliyokuwa ameshacheza.

Dodoma_Asilia

Ukigusa Watanzania ugenini usimsahau Rogers Mtagwa, kijana wa huku kwetu Dodoma aliyehamia Philadelphia. Bantamu ya juu na unyoya. Oktoba 2009 walimpa Juan Manuel Lopez, bingwa wa WBO (shirika jingine la ubingwa wa dunia), Mpuerto Rico, hajapoteza, pambano liko New York ambako Wapuerto Rico wamejaa kama wako kwao. Mtagwa alichaguliwa awe ngazi tu, maana mabosi walishaanza kupanga Lopez akutane na Yuriorkis Gamboa.

Raundi ya 12 ya pambano lile nimeitazama mpaka nimeikariri. Lopez amesimama kwa kudra za Mwenyezi Mungu, anayumba, anakumbatia, Mtagwa anatupa makonde kutoka kila upande na kengele inamwokoa bingwa. Mtagwa akapoteza kwa pointi. Angepata sekunde nyingine 30 leo tungekuwa tunaongea mengine.

Miezi mitatu baadaye, Januari 2010, wakampeleka kwa Gamboa, akasimamishwa raundi ya pili. Hapo ndipo napotofautiana kidogo na wewe KonaYaBluu. Ugenini kunajenga jina, lakini pia kunachinja. Mtagwa hakuwa na mtu wa kumwambia "pumzika mwaka mzima, huyu siye".

KonaYaBluu

Mkuu hatutofautiani. Azumah alikuwa na Don King, yule promota wa Kimarekani. Semeni mtakalosema kuhusu Don King, na mengi ni ya kweli, lakini bondia wa Accra mwenye Don King nyuma yake alikuwa anapata pambano la ubingwa kila mara, na akipoteza anarudishwa kwenye foleni. Mtagwa alikuwa upande ule mwingine wa meza: yeye ndiye anayeletwa.

Jicho_la_Mwamuzi

Sasa hapo umenipa mlango. Umetusifia sana ugenini na majaji wa nyumbani. Mbona hujagusa Fenech? Huyo mzungu aliibiwa mchana kweupe, na mwizi hakuwa jaji wa Australia.

KonaYaBluu

Nilijua utafika huko, na unastahili jibu refu.

Kwanza tuweke mazingira. Mei 1990 Azumah alipanda uzito mwepesi, kilo 61.23, akakutana na Pernell Whitaker Las Vegas. Alipoteza kwa pointi na hakuna la kubishana. Whitaker alikuwa hapigiki, unampigia alipokuwa. Azumah akarudi kwenye unyoya wa juu. Watu wakaanza kusema mzee ameisha, ana miaka 32.

Tarehe 28 Juni 1991, Las Vegas, siku ya marudiano ya Mike Tyson na Razor Ruddock, Azumah akapewa Jeff Fenech wa Australia kwenye mapambano ya utangulizi. Fenech hajapoteza hata moja, ameshakuwa bingwa kwenye uzito tatu: bantamu, bantamu ya juu na unyoya. Anapigana kwa kukubana. Hakupi nafasi ya kunyoosha mkono, anaweka kichwa kifuani kwako na kupiga bila kuchoka.

Alimbana Azumah raundi 12. Jaji mmoja akampa Fenech, mmoja akampa Azumah, mmoja akasema sare. Mkanda ukabaki Ghana. Mimi nikilitazama lile pambano naona Fenech kashinda, na sijawahi kukutana na mtu asiye Mghana akaniambia vingine. Azumah mwenyewe amesema mara nyingi kwamba aliingia ulingoni na malaria. Wazungu waliona ni kisingizio. Sisi tunaoijua malaria tunajua kwamba mtu akiwa nayo hata ngazi za gorofa ya pili ni mlima. Lakini ugonjwa hautoi pointi, na kwa kilichoonekana usiku ule, Fenech alishinda.

Mwaka 2022 WBC wenyewe walikaa kwenye mkutano wao wakamtambua Fenech kuwa ndiye mshindi wa pambano lile. Miaka 31 baadaye! Sare ya 1991 imegeuzwa watu wakiwa wajukuu wanawachezea miguuni.

Ila sasa sikiliza upande wa pili. Baada ya sare ile Azumah alikuwa na kila sababu ya kumkwepa Fenech. Mkanda anao, dunia inasema alibebwa. Tarehe 1 Machi 1992 akaenda Melbourne, kwenye uwanja wa mpira wa Princes Park, nje, Waaustralia makumi kwa maelfu wamekuja kuona haki ikitendeka. Fenech anapewa nafasi kubwa na kila mtu. Azumah anamwangusha raundi ya kwanza. Anamwangusha tena ya pili. Ya nane anammaliza, mwamuzi anasimamisha.

Kwa hiyo kama tunafungua faili la wizi, fungueni kurasa zote. Hakuna aliyeibiwa Melbourne.

Jicho_la_Mwamuzi

Hiyo nakubali kwa shingo upande. Ila usiniambie kwamba alikwenda Melbourne kwa ushujaa. Alikwenda kwa sababu hela ilikuwa Melbourne. Accra pale nani angelipa? Mabondia wa Afrika wanapigana ugenini kwa sababu nyumbani hakuna televisheni ya kununua pambano. Wewe unaufanya umaskini uwe fadhila.

Binti_Ilala

Kaka hapo kwa kweli umeongea. 👏

KonaYaBluu

Mkuu, sijasema alikwenda bure. Ngumi za kulipwa, neno lenyewe lina malipo ndani yake. Na utetezi mmoja alishaufanya nyumbani: Desemba 1988 Mbrazil Sydnei Dal Rovere aliletwa Accra akalazwa raundi ya tatu. Ilikuwa sherehe ya nchi nzima, lakini ukimwuliza shabiki yeyote wa ngumi akutajie mapambano makubwa ya Azumah, hilo halimo kwenye kumi ya kwanza.

Ninachosema ni hiki: hela ilimpeleka mpaka uwanja wa ndege. Baada ya pale kuna kazi ya kufanya, na kuna mabondia wengi tu wa huku kwetu wanaopelekwa na hela hiyo hiyo, wanafika, wanaangalia mkoba, wanatafuta mahali pazuri pa kulala ifikapo raundi ya tatu. Wote tunawajua, tusitajane majina.

KampalaKwetu

Wakuu, nimesoma kimya kimya toka asubuhi. Kama mizani ni ugenini, basi Uganda tunaye Cornelius Boza-Edwards. Mzaliwa wa Kampala, akakulia Uingereza. Machi 1981 alikwenda Stockton, California, akamvua Rafael "Bazooka" Limon ubingwa wa WBC unyoya wa juu, mkanda ule ule ambao Azumah alikuja kuuvaa miaka saba baadaye. Mei mwaka huo akamsimamisha Bobby Chacon huko huko Marekani. Agosti akaupoteza Italia kwa Rolando Navarrete wa Ufilipino. Fikiria ssebo: bingwa Mganda, mpinzani Mfilipino, ulingo uko Viareggio! Marudiano yake na Chacon ya Mei 1983 jarida la The Ring liliyapa tuzo ya pambano bora la mwaka. Chacon alishinda kwa pointi, ila wote wawili walitoka wakiwa hawafai hata kwa picha ya pasipoti.

Huku kwetu vijana wa gym hawamjui. Ukiwatajia wanadhani ni mchezaji wa Chelsea.

KonaYaBluu

Umenifurahisha sana ndugu yangu. Boza anastahili uzi wake mwenyewe, uandike wewe, sisi tutakuja kukaa.

Sasa nimalizie miaka ya mwisho ya Azumah, maana ndiyo naipenda kuliko yote.

Februari 1993 alikuwa Mexico City, Estadio Azteca, usiku ambao Julio Cesar Chavez alimpiga Greg Haugen mbele ya watu zaidi ya 130,000. Azumah alicheza kabla, dhidi ya Gabriel Ruelas, kijana mzaliwa wa Mexico. Weka picha kichwani: Mwafrika mmoja na kona yake, watu zaidi ya laki moja wanamzomea, na juu ya yote Mexico City iko mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yenyewe haitoshi. Akashinda kwa majaji. Septemba mwaka huo akaenda San Antonio, Texas, kwa Jesse James Leija, mtoto wa pale pale, ikaisha sare. Mei 1994 wakarudiana Las Vegas, Leija akachukua mkanda kihalali.

Hapo Azumah alikuwa anakaribia miaka 36. Akakaa nje. Mwaka ukapita na nusu, hapandi ulingoni.

Nyuma yake Leija akaupoteza mkanda kwa Ruelas. Mei 1995 Ruelas akatetea mkanda dhidi ya Mcolombia Jimmy Garcia, na Garcia akafariki siku chache baadaye kutokana na makonde. Ruelas hakuwa yule tena, na nani angekuwa? Desemba Mosi 1995, Indio, California, akaletewa Azumah, mzee wa miaka 37 aliyetoka mapumzikoni. Raundi ya tano kazi imekwisha, mkanda umerudi Ghana. Wapo wanaosema alimkuta Ruelas akiwa ameshavunjika moyoni, na mimi siwapingi. Lakini Juni 1996 akamkabili Leija kwa mara ya tatu na kumsimamisha raundi ya sita, na Leija moyo wake ulikuwa mzima kabisa.

Machi 1997, Corpus Christi, Texas, ukaja mwisho. Genaro Hernandez. Mwishoni mwa raundi ya saba, kengele imeshalia, Azumah akampiga Hernandez konde kooni. Hernandez akaanguka, akahangaika kupumua. Alichotakiwa kufanya ni kubaki chini, maana Azumah angeondolewa kwa rafu na mkanda ungekuwa wake pale pale. Akakataa. Akasema anaendelea. Akacheza raundi zote zilizobaki na kushinda kwa majaji kugawanyika.

Kwangu huo ni ungwana mkubwa kuliko wote niliowahi kuuona kwenye uzito mdogo, na haukutoka kwa huyu ninayemwandikia uzi. Lile konde la Azumah halikuwa zuri.

Oktoba 1998 Hernandez akapoteza mkanda ule kwa kijana mmoja wa miaka 21, pambano lake la kwanza la ubingwa wa dunia. Floyd Mayweather. Kwa hiyo kutoka mikononi mwa Azumah mpaka mikononi mwa Mayweather katikati yupo mtu mmoja tu.

Azumah alicheza tena na Leija Julai 1998, akapoteza, akatundika glavu. Mwaka 2004 akaingizwa kwenye jumba la mabingwa wa ngumi kule Canastota, New York. Mwaka 2008, akikaribia miaka 50, akarudi Melbourne kucheza na Fenech mara ya tatu, wazee wawili, raundi kumi, Fenech akashinda. Hilo nalitaja kwa sababu liko kwenye rekodi, basi.

MzeeWaGong'o

Ukihesabu umeshamaliza vipigo vyake vyote. Sanchez, Whitaker, Leija mara mbili, Hernandez, na hilo la uzeeni. Sita. Na aliyewahi kummaliza kabla ya kengele ya mwisho ni Sanchez peke yake, raundi ya 15, akiwa kaitwa siku za mwisho mwisho. Wote hao majina. Hakuna hata mmoja utakayesema "huyu naye nani".

Mtoto_wa_Geti

Naomba kuuliza wakubwa zangu, kuna Mwafrika mwingine wa uzito mdogo wa kuwekwa naye meza moja? Baba yangu huwa anamtaja Baby Jake wa Afrika Kusini.

MzeeWaGong'o

Baba yako anajua ngumi, msalimie. Jacob Matlala, urefu sentimita 147, bingwa mfupi kuliko wote waliowahi kuvaa mkanda wa dunia. Mei 1993 alimfuata Pat Clinton Glasgow, kwao Clinton, akamsimamisha na kuchukua ubingwa wa WBO uzito wa nzi. Mwaka 1995 akarudi Glasgow hiyo hiyo akamvua Paul Weir ule wa chini yake. Mwaka 1997 Las Vegas akamsimamisha Michael Carbajal, raundi ya tisa. Alipostaafu 2002 Mandela alikuwepo ukumbini, mwenyewe bondia wa zamani. Amefariki Desemba 2013, siku mbili baada ya Mandela.

Kwa ubora Azumah yuko juu. Kwa kupendwa, mh.

Binti_Ilala

Nimevutiwa jamani. Mtu akitaka kuanza kuyatazama aanze na lipi? Sina bando la kumaliza yote.

KonaYaBluu

Dada yangu, anza na Gomez, lakini usiruke raundi za mwanzo, utapoteza utamu wa kuona zile mbavu zinavyolipwa. Ukibakiwa na bando tazama Fenech wa Melbourne. Cowdell ni dakika zisizofika tatu, hata ukiwa kwenye daladala unamaliza kabla ya kituo.

Lile la Sanchez liache mpaka upate usiku wa kutulia. Na ukifika raundi ya 15 usinipigie simu.